Rufaa ya mpwa wangu aliyehukumiwa kwa mauaji huko Kentucky: sisi tulioko Lubumbashi tufanye nini?

Mjomba wa Katuba

Ndugu zangu, nawasalimu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alipokelewa Marekani pamoja na wazazi wake kama wakimbizi, wakakaa Louisville katika jimbo la Kentucky. Juri, yaani raia wa kawaida wanaoteuliwa kuamua kesi, imemtia hatiani kwa mauaji ya kukusudia kutokana na ugomvi uliotokea nje ya nyumba waliyopanga, na wiki hii jaji ametia saini hukumu ya kifungo cha miaka 30. Wakili aliyepewa na mahakama hapokei tena simu za dada yangu.

Huku nyumbani familia imeketi na maoni yamegawanyika. Kuna kijana aliyeushuhudia ugomvi ule, ambaye sasa amerudi Lubumbashi, naye yuko tayari kueleza kwamba marehemu ndiye aliyetangulia kuchomoa kisu, mahakamani hakuitwa. Wazee wanataka tumpeleke kwa notere, maelezo yake yaandikwe na kupigwa muhuri, kisha tuyatume kwa majaji wa rufaa, kama ambavyo tungefanya hapa. Mtu mmoja anayejiita mshauri wa sheria anatudai dola elfu kadhaa ili, kwa maneno yake, afungue faili ya rufaa. Naye dada yangu anaogopa kwamba mtoto akikata rufaa, majaji watamwongezea kifungo. Anayezijua sheria za kule naomba atuongoze.

Msaidizi wa mawakili, Louisville

Mjomba, poleni sana. Mimi ni mzaliwa wa Kampemba, hapo hapo Lubumbashi, na ninafanya kazi katika ofisi ya mawakili hapa Louisville, kwa hiyo nianze na lisiloweza kungoja. Taarifa ya kukata rufaa lazima iwasilishwe ndani ya siku 30, zinazohesabiwa tangu karani wa mahakama alipoandika katika kumbukumbu zake kwamba hukumu imepelekwa kwa pande zote. Ni karatasi fupi tu, hoja zenyewe huandikwa baadaye, lakini bila karatasi hiyo mlango unafungwa. Anayeamua ni mpwa wako mwenyewe, si mama yake wala sisi wajomba. Amwandikie wakili wake leo, aseme waziwazi kwamba anataka rufaa, atie tarehe na abaki na nakala. Wakili akizembea baada ya hapo, kuna njia ya kuomba rufaa iliyochelewa, na Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kuamua mwaka 1985, katika kesi ya Evitts dhidi ya Lucey iliyotoka hapa hapa Kentucky, kwamba mshtakiwa ana haki ya wakili anayefanya kazi yake ipasavyo katika rufaa yake ya kwanza. Hata hivyo msiitegemee njia hiyo, kwa sababu huchukua muda mrefu na kumtesa mfungwa.

Kuhusu fedha, msimpe mtu huyo hata senti moja. Tangu mwaka 1963, katika kesi ya Douglas dhidi ya California, jimbo lina wajibu wa kumpa mfungwa asiye na uwezo wakili wa rufaa yake ya kwanza bila malipo, na hapa kazi hiyo hufanywa na Idara ya Utetezi wa Umma ya Kentucky. Tena, kwa kuwa kifungo chake kimefika miaka 20 au zaidi, katiba ya jimbo inaipeleka rufaa moja kwa moja kwa majaji 7 wa Mahakama ya Juu ya Kentucky, mjini Frankfort, bila kupitia mahakama ya rufaa ya kati.

Hofu ya dada yako nayo ina jibu lenye pande mbili, na afadhali azijue zote. Majaji wa Frankfort hawatamwongezea kifungo kwa sababu amekata rufaa. Lakini wakiifuta hukumu na kuamuru kesi isikilizwe upya, juri mpya isiyojua adhabu ya kwanza inaweza kutoa kubwa kuliko ile. Jambo hilo azungumze kwa kina na wakili wa rufaa.

Wakili, Lubumbashi

Naomba kuongeza kuhusu huyo shahidi, kwa maana hapo ndipo naona familia inaweza kupotea njia kwa nia njema kabisa. Sisi tumezoea utaratibu wa sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya tarehe 6 Agosti 1959: mtu anakata rufaa ndani ya siku 10, na Mahakama ya Rufaa inaishika kesi upya, mambo yaliyotendeka pamoja na sheria, na ikiona inafaa inawasikiliza mashahidi. Kentucky si hivyo. Majaji wa rufaa hawamsikilizi shahidi yeyote. Wanasoma hati na kutazama kumbukumbu za kesi, ambazo katika jimbo hilo kwa kawaida ni video ya yale yote yaliyosemwa mahakamani. Lisilokuwamo humo, kwao halipo. Barua ya notere wetu, hata ikiwa na mihuri mitatu, haitasomwa.

Watakachouliza ni kama jaji wa kwanza aliikosea sheria: je, aliruhusu ushahidi usiofaa, je, juri ilielekezwa vizuri juu ya haki ya kujilinda na juu ya makosa madogo kuliko mauaji ya kukusudia, je, ushahidi uliokuwapo ungeweza kuitosheleza juri yoyote yenye busara. Na kwa kawaida kosa linahesabiwa pale tu wakili alipolipinga papo hapo. Alipokaa kimya, majaji huingilia tu ikiwa kosa liko wazi na limeleta dhuluma kubwa.

Ushahidi wa kijana huyo una njia zake nyingine, na njia ipi inategemea jibu la swali moja. Ikiwa hakujulikana kabisa wakati wa kesi, wala hangeweza kupatikana kwa juhudi za kawaida, wakili ataomba kesi isikilizwe upya kwa ushahidi mpya, ombi ambalo kwa kawaida hutolewa ndani ya mwaka 1 tangu hukumu. Ikiwa wakili alijua habari zake na hakumtafuta, basi ushahidi huo si mpya, bali ni lalamiko dhidi ya utetezi wenyewe, na kipimo chake ni kile cha Strickland dhidi ya Washington, cha mwaka 1984: kuonyesha kwamba wakili alifanya kazi chini ya kiwango, na kwamba bila kosa lake upo uwezekano wa kweli kuwa matokeo yangekuwa tofauti. Je, wakili aliambiwa?

Mjomba wa Katuba

Asante, Maître. Aliambiwa. Dada yangu alimpa jina la kijana na namba yake ya simu kabla kesi haijaanza, na ujumbe huo bado uko katika simu yake.

Msaidizi wa mawakili, Louisville

Basi dada asiifute simu hiyo wala asiiuze. Apige picha za ujumbe huo, tarehe zionekane. Lalamiko la namna hiyo hupelekwa kwa mahakama iliyomhukumu, baada ya rufaa kumalizika, na Kentucky inatoa miaka 3 tangu hukumu kuwa ya mwisho.

Ila hapa pana mtego ambao umewanasa wafungwa wengi, na unaniuma kila ninapouona. Sheria ya Marekani ya mwaka 1996 inatoa mwaka 1 tu wa kupeleka malalamiko ya kikatiba katika mahakama ya shirikisho, yaani ya serikali kuu ya Marekani, si ya jimbo. Saa hiyo husimama wakati ombi lililowasilishwa kwa utaratibu liko mbele ya mahakama za jimbo, lakini hairudi nyuma. Mfungwa anayeambiwa kwamba ana miaka 3, akangoja miwili, atakuta mlango wa jimbo bado uko wazi na ule wa shirikisho umekwisha kufungwa. Kwa hiyo rufaa ikikataliwa, wasikae.

Kuhusu kijana, msimwandikie maneno wala msimkumbushe. Andikeni jina lake, mahali alipo na jinsi ya kumpata, mumpe wakili, na mpelelezi wa utetezi atamhoji mwenyewe kwa Kiswahili chake cha Lubumbashi. Na mkizungumza na mpwa kwa simu ya gerezani, msiongee habari za tukio wala za shahidi, maana simu hizo hurekodiwa na mwendesha mashtaka anaweza kuzisikiliza.

Mama wa Ruashi

Kaka, mimi naomba kuuliza kwa niaba ya dada yako: huyo mtoto si raia wa kule. Atarudishwa Kongo?

Msaidizi wa mawakili, Louisville

Mama, hatia ya mauaji kwa asiye raia inaweza kumletea amri ya kuondolewa nchini baada ya kumaliza kifungo. Hiyo ni kesi nyingine, mbele ya jaji wa uhamiaji, na kule serikali haimlipii mtu wakili. Kwa hiyo wakili wa rufaa aambiwe tangu barua ya kwanza kwamba mteja wake ni mkimbizi. Mjomba, niandikie pembeni jina la mahakama na namba ya kesi, nami kesho asubuhi nitamuuliza karani kama taarifa ya rufaa imekwisha kuingia.