Kisanduku cha mandhari ya Krismasi: maumbo yaliyokatwa tayari au karatasi za kukata mwenyewe?

Nuru_ya_Hori
Salaam kwenu nyote. Ninataka kutengeneza kisanduku cha mandhari ya kuzaliwa kwa Yesu, yaani ile fremu yenye kina ambayo ndani yake karatasi zilizokatwa hupangwa tabaka kwa tabaka, hata mtazamaji akaliona pango, wachungaji na nyota kana kwamba anachungulia dirishani. Nimebaki na njia mbili, nami ni lazima niamue wiki hii. Ya kwanza ni pakiti yenye maumbo yote yaliyokwisha kukatwa pamoja na fremu yake. Ya pili ni kununua karatasi ngumu, gundi na kisu, kisha nichore na kukata mwenyewe. Mliowahi kufanya kazi hii, mngechagua ipi?

Kisu_Kikali
Karibu sana. Swali lako, hata hivyo, limeacha mambo ambayo bila hayo sote tutabahatisha. Fremu ina kina cha sentimita ngapi? Utaweka taa ndani? Kitatundikwa au kitasimama mezani? Na je, umewahi kukata karatasi kwa kisu, au umezoea mkasi tu? Fremu yenye kina cha sentimita 2 haitoshi zaidi ya matabaka 3 au 4 yaliyoachana kwa milimita 5, kwa hiyo mtu anayekushauri uweke pango, kondoo, miti na malaika kabla ya kujua kipimo hicho anakupeleka kuharibu karatasi.

Tabaka_Nyeupe
Mimi nitasema bila kusubiri vipimo: kata mwenyewe, na utumie karatasi nyeupe peke yake. Taa ikiwa nyuma, tabaka la mwisho hung'aa na kila linalokuja mbele yake huwa na giza zaidi, hivyo kina hujitokeza bila rangi hata moja. Chagua karatasi yenye uzito wa gramu 200 hadi 250 kwa mita ya mraba. Ile ya kawaida ya ofisini, ya gramu 80, hulegea katikati baada ya muda mfupi na hupitisha mwanga mahali ambapo ulitaka kivuli. Kata kwanza matundu madogo ya ndani, kama vile macho ya kondoo na majani ya mitende, na uache ukingo wa nje kuwa wa mwisho, kwa sababu karatasi iliyokwisha kupoteza ukingo wake huyumba chini ya kisu na kuchanika. Ncha ya kisu ikianza kuburuta nyuzi, badilisha wembe papo hapo.

Fundi_Fremu
Ndugu Tabaka_Nyeupe, unasahau kwamba majani ya mitende unayoyataja humchukua mtu asiyezoea jioni nzima, na mara nyingi jani la mwisho ndilo linalokatika. Pakiti ina heshima yake. Maumbo yamekatwa kwa mashine, yanalingana, na nafasi za kuyapachika zimekwisha kupimwa. Ninachokataa ni gundi inayoambatana nayo, kwa kuwa nyingi huwa ni gundi nyeupe ya maji, na maji huivimbisha karatasi upande mmoja hadi ikajikunja. Afadhali vipande vya tepu ya sponji yenye gundi pande mbili, au mistari ya ubao mwepesi wa povu iliyofichwa kandokando, ambayo hutenganisha matabaka na kuyashikilia kwa pamoja.

Mshumaa_wa_Desemba
Naomba nisimulie yaliyonipata, kwa sababu kosa langu halikuhusu karatasi kabisa. Nilikata matabaka 6 kwa mkono kwa muda wa wiki 3. Nyuma niliweka karatasi ya kunakilia michoro, ile inayopitisha mwanga lakini haionyeshi kilicho nyuma yake, ili nuru ya taa isionekane kama nukta nukta bali itawanyike kama mapambazuko. Kilipendeza mno. Nikapaka gundi ya moto kuzunguka mgongo wote ili vumbi lisiingie, huku kibebeo cha betri kikiwa ndani. Niliziacha taa zikiwaka usiku na mchana kwa furaha yangu, na kabla sikukuu yenyewe haijafika betri zikaisha. Ilinibidi nichome kisu kwenye mgongo ili nizifikie. Gundi ilikuwa imeshikana na ukingo wa tabaka la nyuma, nami nilipovuta, anga yote pamoja na nyota ilichanika mbele ya macho yangu. Mpaka leo ninalo lile pango, na sijapata moyo wa kuikata upya ile anga. Tafadhali, utakayoichagua kati ya hizo mbili, hakikisha kibebeo cha betri na swichi vinakaa nje ya mgongo, au mgongo wenyewe unafunguka kwa skrubu.

Nuru_ya_Hori
Nawashukuru, na pole sana kwa anga yako, Mshumaa. Naomba radhi kwa kutotaja vipimo. Fremu ninayoifikiria ina ukubwa wa karatasi ya A4 na kina cha sentimita 4. Itakuwa na taa, itasimama mezani, na ni zawadi kwa nyumba yenye watoto wawili wadogo. Kisu nimekitumia mara moja tu.

Kisu_Kikali
Hilo la watoto lilistahili kuwa sentensi yako ya kwanza. Taa nyingi ndogo za LED hutumia betri bapa za duara, na mtoto akimeza moja yaweza kumuunguza koo kwa ndani katika muda wa saa 2. Chukua kibebeo kinachofungwa kwa skrubu. Kwa sababu hiyohiyo, mbele weka plastiki angavu badala ya kioo, ingawa plastiki huvuta vumbi la karatasi na hukwaruzika upesi.

Tabaka_Nyeupe
Kioo ni bora. Plastiki iliyokwaruzika huua kazi yote.

Kisu_Kikali
Kioo kilichovunjika huumiza mtoto. Sioni la kubishania hapo.

Fundi_Fremu
Kwa kina cha sentimita 4 matabaka 5 yanatosha, na nafasi ya taa ibaki nyuma. Ninashauri pango liwe mbele kabisa kama fremu ya pili, kisha hori, wachungaji, Mamajusi, na anga.

Mchoraji_wa_Nyota
Mamajusi wasiwekwe hapo. Luka anawaleta wachungaji kwenye hori, lakini Mathayo anasema Mamajusi waliingia nyumbani, wala hatuambii walikuwa wangapi. Ukiwaacha, unapata tabaka zima kwa ajili ya vilima.

Fundi_Fremu
Kisanduku hukusanya habari yote kwa mtazamo mmoja, na mtoto atawatafuta wale ngamia. Waweke mbali, wadogo, juu ya vilima hivyohivyo, waonekane wangali njiani. Hapo hakuna andiko lililokiukwa.

Mchoraji_wa_Nyota
Wakiwa njiani, ninakubali.

Nuru_ya_Hori
Wazo la kuwaweka njiani limenigusa, lakini nimegundua kwamba pakiti ile inawaonyesha wamepiga magoti kando ya hori, wakiwa kipande kimoja na ng'ombe. Jioni ya leo nitakata tabaka la vilima peke yake kwa karatasi niliyo nayo, nione mkono wangu ukoje, kabla sijanunua chochote. Je, ngamia wenye urefu wa sentimita 2 wanakatika kwa kisu bila miguu kuvunjika?

Tabaka_Nyeupe
Wanakatika, mradi miguu ifuate mwelekeo wa nyuzi za karatasi. Ikunje taratibu kwa urefu, kisha kwa upana. Mkunjo utakaokubali kwa wepesi ndio unaofuata mstari wa nyuzi.