Naomba ushauri: mwanangu akikosea hesabu anavunja penseli

Habari zenu wazazi wenzangu. Tuko Nakuru, nasomesha wanangu wawili nyumbani kwa mtaala wa umilisi, mmoja ana miaka 9, mwingine 6. Masomo yanaenda vizuri. Kinachonisumbua ni hasira. Mkubwa akikosea hesabu anavunja penseli, kisha anamnunia mdogo wake hadi jioni.

Mtaala wenyewe una maadili 8, upendo, heshima na uwajibikaji yakiwemo. Nilijaribu kuyatengea kipindi chake, wakayakariri kama kasuku. Kilichosaidia kidogo ni jikoni. Tukisukuma chapati kila mmoja anaeleza siku ilivyomwendea, na mkubwa hufunguka kuliko akiwa mezani na daftari. Juzi alisema mwenyewe, "Mama, sikukasirika, niliona aibu." Machozi yalinilengalenga.

Sasa naomba mnisaidie: asubuhi kabla ya vitabu, nyinyi mnafanyaje ili mtoto ajue kilicho moyoni mwake na akitaje? Na wakigombana katikati ya somo, mnasimama kwanza mkasuluhisha, ama mnangoja watulie? Baba yao anasema tungoje. Mimi naona tukingoja, mdogo anabaki na donge rohoni.