Waazteki walituzidi kilimo, au tunawapamba tu?

Jembe Halimtupi: Bado watu wanafundisha kwamba Waazteki, watu wa Mexico ya kabla ya Wahispania, walilima "bustani zinazoelea". Hazikuelea! Chinampa ilikuwa shamba lililojengwa ziwani. Unachomeka vigingi kuzunguka eneo refu jembamba, unasuka fito, unashindilia majani na tope la chini ya maji mpaka litokeze juu, kisha unapanda miti kingoni ili mizizi ishike udongo. Pande zote mifereji, kwa hiyo mizizi inakunywa yenyewe. Mahindi, maharage, maboga, nyanya, pilipili, mavuno zaidi ya mara moja kwa mwaka, bila ng'ombe wala plau, kwa muo wa mti tu. Kwa nini sisi tukisema kilimo bora tunawaza trekta peke yake?

Kaskazi: Unawapamba, ndugu. Tenochtitlan, mji wao mkuu, palipo jiji la Mexico leo, ilianza mwaka 1325 kwenye kisiwa cha ziwa Texcoco, na ilipokuwa jiji kubwa haikushiba kwa chinampa pekee. Shehena za mahindi na maharage zilitoka kwa watu walioshindwa vitani, kama kodi. Na huko nyumbani mwanamke alipiga magoti tangu alfajiri anasaga mahindi juu ya jiwe, tena mahindi yaliyochemshwa na chokaa. Chokaa! Hilo nalo tuige?

Mama Dona: Kaskazi, hapo kwenye chokaa umenigusa pabaya. Unacheka kitu kilichookoa watu. Mahindi yakichemshwa na chokaa au majivu na kulala humo, asubuhi ukiyasugua ganda linavuka lenyewe mkononi. Unaosha, unasaga yakiwa mabichi, unga unashikana, unatandaza chapati. Na vitamini B3 iliyofungika ndani ya punje inafunguka. Wazungu walibeba mahindi wakaacha chokaa. Maskini wa Ulaya kusini walioishi kwa mahindi matupu wakaugua pelagra, ngozi inababuka, akili inapotea, mtu anakufa. Watu wa majimbo ya kusini ya Marekani yakawakuta hayohayo hadi karne ya 20. Mwanamke wa Kiazteki alikuwa na dawa ndani ya chungu chake.

Kaskazi: Sikucheka mtu. Bibi yangu alisaga mtama kwa mawe hadi uzeeni na magoti yake nayajua, nilikuwa nayakanda kwa mafuta kila jioni. Ninyi mnaosaga mashineni kwa dakika tano msiniambie uzuri wa jiwe.

Mama Dona: Pole kwa bibi. Lakini nimetetea chokaa, sikutetea jiwe. Usinilishe maneno.

Mzee wa Makande: Kwetu makande tunatia magadi. Si ndiyo hiyohiyo? Basi na sisi ni Waazteki 😀

Mama Dona: Babu, shikamoo. Magadi mnatia kidogo ili yaive upesi. Hamlazi mahindi usiku kucha mkamenya ganda. Nia ni nyingine.

Jembe Halimtupi: Jamani, mada ilikuwa maji na udongo! Mashamba ya Xochimilco na Chalco, kusini mwa bonde hilo la maziwa, yaliwezekana kwa sababu maji ya kusini hayakuwa na chumvi, ya mashariki yalikuwa nayo. Baada ya mafuriko ya 1449 Nezahualcoyotl, mfalme wa mji wa Texcoco kando ya ziwa, alijenga boma refu la kuyatenga. Wahispania walipoteka jiji mwaka 1521 boma likavunjwavunjwa. Mwaka 1607 wakaanza kuchimba njia ya kuyatoa maji bondeni kabisa. Leo jiji la Mexico linatitia juu ya ziwa lililokaushwa, na Xochimilco bado kuna watu wanapanda mboga juu ya tope lilelile. Hili linaniuma kuliko kodi ya Kaskazi.

Kaskazi: Linakuuma ziwa, mimi wananiuma waliotoa hizo shehena. Hujanijibu.

Jembe Halimtupi: Nakubali kodi ilikuwepo. Lakini mfereji haukumdhulumu mtu.

Kaskazi: Tope lilibebwa na nani?

Mgeni wa Jioni: Samahani nawakatiza. Mama Dona, chokaa yenyewe ni hii ya kupaka ukuta? Nina debe la mahindi, nataka kujaribu kesho.

Mama Dona: Usithubutu! Hiyo ya ujenzi ina takataka zake. Tafuta chokaa ya chakula. Ukiikosa, chukua majivu ya kuni safi, yasiwe ya mbao zilizopakwa rangi, uyachuje kwanza. Na uoshe mahindi mara tatu kabla ya kusaga.