Haiku: Linux inakataa BFS yangu, na kerneli siioni kwenye /boot

kibodi_mbovu
Habari wakuu. Nimesakinisha Haiku (mfumo endeshi huria, si Linux) ya biti 64 kwenye patisheni ya pembeni, inawaka vizuri. Nikarudi Linux nisome patisheni ile. Haiku wanasema mfumo wao wa faili ni BFS, basi nikaandika `mount -t bfs`, ikagoma. Nimeharibu diski? Halafu ndani ya Haiku nilifungua /boot kutafuta kerneli (kiini cha mfumo), nikakuta home na system tu. Na nikitaka kuhamia biti 32, nafomati upya?

mzee_wa_floppy
Diski yako ni nzima, mkuu. Majina ndiyo yamekuchezea. Kwa Linux, `bfs` ni mfumo mwingine kabisa, ule mdogo wa kuwashia UnixWare, aina mojawapo ya Unix. Wa Haiku, uliorithiwa kutoka BeOS, mfumo endeshi wa zamani ambao Haiku inaufuata, Linux inauita `befs`:

`mount -t befs -o ro /dev/sda3 /mnt`

Weka namba ya patisheni yako. Utasoma tu, kuandika hakuna. Na kama hayo hayatoshi, mwaka 2009 Con Kolivas alitoa kipangaratiba cha kerneli ya Linux (kinachogawa zamu za prosesa), naye akakiita BFS! Mimi nilishinda usiku mzima nikisoma maelezo ya "kerneli yenye BFS" nikidhani ni ya diski, kumbe watu wanazungumzia zamu za prosesa.

Kuhusu /boot, sahau mazoea ya Linux. Kwa Haiku hiyo ni volyumu nzima uliyowashia. Kerneli ipo /boot/system/kernel_x86_64, ila haikai pale kama faili la kawaida: inatoka ndani ya kifurushi haiku.hpkg, na packagefs, mfumo unaofungua vifurushi kama folda za kusoma tu, inakuonyesha tu. Ndiyo maana huwezi kuifuta wala kuibadilisha kwa mkono.

biti_thelathini_na_mbili
Kufomati si lazima, BFS ni ileile kwa kerneli zote mbili. Ila vifurushi vya x86_64 havikubaliki kwenye x86_gcc2 (ndiyo Haiku ya biti 32), kwa hiyo mimi naweka Haiku hizo mbili kwenye patisheni tofauti, na kila moja inasoma faili za mwenzake. Hiyo ya gcc2 usiidharau, ndiyo pekee inayoendesha programu za BeOS R5.

kibodi_mbovu
`befs` imekubali, asanteni! Lakini nimepata presha: anwani zote nilizoandika kwenye People (programu ya Haiku ya kutunza anwani za watu) nikizitazama kwa Linux zinaonekana baiti 0. Nifute nianze upya?

mzee_wa_floppy
Usifute! Faili la People huwa tupu kweli. Jina, simu na barua pepe vyote vimehifadhiwa kama sifa za faili (taarifa zinazoambatana na faili, nje ya yaliyomo), na draiva ya Linux haizionyeshi. Ukiwa Haiku fungua Terminal, piga `listattr` kwenye faili mojawapo, utaziona. Ukitaka kuzihamisha, zifunge kwa zip ukiwa hukohuko Haiku, maana zip yao inabeba na sifa. Ukizikopi kutokea Linux utabeba maganda.

kibodi_mbovu
Zipo zote. Nilikuwa nimeshachagua folda nzima, kidole kiko juu ya Delete.