Mjadala: Walimu wa Biashara na amali wapelekwe madukani na karakana wakati wa likizo?

Mama Leja: Nafundisha somo la Biashara sekondari. Wengi wetu tulitoka shule tukaenda chuo, tukarudi shule. Hata BTP, yale mazoezi ya kufundisha, tulifanyia shuleni. Likizo ya Juni nilimwomba jirani anipokee kwenye duka lake la jumla. Darasani nafundisha kitabu cha fedha, safu ya taslimu na safu ya benki. Pale dukani jioni hela za droo hazikulingana na mauzo, mpaka muuzaji alipojumlisha hela za lipa namba, akatoa makato, kisha akachukua daftari la madeni. Sasa nafundisha hivyo, na watoto wanauliza maswali ambayo hawakuwahi kuniuliza. Naomba serikali iweke utaratibu: kila mwalimu wa Biashara na amali, yaani masomo ya ufundi na kazi za mikono, apate wiki kadhaa kazini kila mwaka. Mnasemaje?

Msomi wa Mlimani: Mtu kasota chuo miaka mitatu, mkopo unamdai, halafu likizo yake akawe saidia fundi? Mwalimu alikuwa na hadhi nchi hii, msituangushe zaidi. Na yote haya kwa sera ya elimu iliyozinduliwa 2025!

Kitabu Kipya: Sera ilizinduliwa Dodoma mwanzoni mwa 2025, lakini mitaala ilianza kutumika Januari 2024. Watoto wa mkondo wa amali wako madarasani tayari, mkuu.

Fundi Keko: Wewe Msomi, saidia fundi ndiye aliyebeba zege la jengo ulilosomea. Nina karakana Keko, vijana niliowafundisha wana karakana zao. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, walinipima kwa ule utaratibu wa kurasimisha ujuzi ambao mtu ameupata kazini, cheti ninacho. Mwaka jana aliletwa kwangu mwalimu wa useremala, mtu mstaarabu. Nikampa mninga, akapiga randa kinyume cha nyuzi, ubao ukachanika. Nikamwonyesha: papasa kwanza kwa kiganja, upande unaokukwaruza usiuendee. Kabla ya jioni alikuwa anatoa maranda marefu kama mtu wa kazi. Hadhi yake ilipungua wapi?

Msomi wa Mlimani: Usinilishe maneno, sijatukana mafundi. Ila kwa kuwa umejitokeza, nijibu: kabati nililipia nusu, nikaambiwa njoo Ijumaa. Ijumaa vanishi haijakauka. Wiki iliyofuata simu haipatikani. Hilo ndilo tunataka walimu wakajifunze?

Dada wa Sinza: Hapo umenigusa kaka. Mimi sendofu ya mdogo wangu nilivaa gauni la kuazima, fundi hata kukata kitambaa alikuwa bado. Mafundi mnatuumiza sana.

Mwalimu wa Kata: Jamani, mada. Huku niliko kata nzima ina mashine moja ya kusaga na fundi baiskeli. Mwalimu wa amali aende wapi? Nauli ya kwenda wilayani na pa kulala atalipa nani? MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, tunakaa shuleni wenyewe kwa wenyewe, tunafundishana tunayoyajua tayari.

Fundi Keko: Dada wa Sinza, mimi si cherehani, lakini nitawatetea. Mteja anatoa advansi isiyofika hata bei ya mbao, anataka kazi Ijumaa. Umeme ukikatika siku mbili, nirande kwa meno? Mtu akikopa mbao ili kazi yako isilale, unamwita tapeli.

Dada wa Sinza: Basi sema ukweli tangu mwanzo kwamba haitawezekana! Mtu anaudhika na uongo, kuchelewa anavumilia.

Mzee wa Ifunda: Vijana, Elimu ya Kujitegemea Mwalimu Nyerere aliiandika 1967. Shule za ufundi za Ifunda, Moshi, Bwiru, karakana zilikuwa ndani ya shule, na mwalimu wetu wa ufundi chuma alikuwa na makovu ya kuungua mikononi. Hakuhitaji kupelekwa popote. Tatizo ni walimu wa siku hizi.

Mwalimu wa Kata: Mzee shikamoo, lakini hilo nalikataa. Kujitegemea niliyoikuta mimi shuleni ilikuwa kumwagilia bustani ya mwalimu wa zamu. Walimu wa siku hizi mmewapa karakana gani?

Mama Leja: Mwalimu wa Kata, hiyo mashine ya kusaga usiidharau. Dizeli, mkanda, mteja anayelipa kwa pishi ya mahindi badala ya hela: faida unaipigaje hapo? Mimi ningekaa pale wiki nzima na kidato cha pili. Ila kwenye nauli una haki, hakuna aliyekujibu. Halmashauri zitenge fungu, mwalimu asijitolee mfukoni.

Kitabu Kipya: Na fundi naye alipwe. Anapoteza mbao na muda akimfundisha mwalimu.

Msomi wa Mlimani: Alipwe tena? Kwanza arudishe advansi za watu.

Fundi Keko: Advansi yako mdai aliyeila, si mimi. Mama Leja, Desemba shule zikifunga nina nafasi ya walimu wawili. Waje na viatu vinavyofunika vidole, mbao nitatoa mimi. Posho ya mtu siitaki. Huyo wa kabati asije.