Mdogo wangu sista anataka kumwomba askofu utume mpya, aanzie wapi?

KakaWaSista: Tumsifu Yesu Kristo. Mdogo wangu ni sista wa shirika la kijimbo (lililo chini ya askofu wa jimbo), ana nadhiri za daima, anafundisha hesabu sekondari ya wasichana. Moyo wake umehamia kwa vikongwe waliotelekezwa, wale wa macho mekundu wanaoitwa wachawi. Likizo hii kaja na daftari: kapiga hesabu ya unga, sabuni, dawa za presha. Mama Mkuu wa shirika alimjibu "tusali kwanza". Sasa anataka kumruka, aende moja kwa moja kwa Baba Askofu. Mama yetu halali, anadhani binti anatoka utawani.

Mpambanaji: Shirika la kijimbo si liko chini ya askofu? Aende, anaogopa nini?

KatekistaMstaafu: Milele amina. Mpambanaji, taratibu. Askofu analiangalia shirika, lakini kumpangia sista kazi ni juu ya wakubwa wake wa ndani. Akifika pale ataulizwa kwanza: Mama Mkuu anajua?

Watu wanaikumbuka sari ya Mama Teresa, kule kusubiri hawakukumbuki. Naye alikuwa mwalimu, sista wa Loreto huko Kalkuta. Wito wa kuwahudumia maskini ulimjia kwenye treni ya Darjeeling, akienda mafungo, 10 Septemba 1946. Alimweleza Padre Van Exem, Mjesuiti aliyekuwa akimwongoza kiroho. Askofu Mkuu Périer wa Kalkuta hakuwa na haraka hata kidogo. Sista akahamishiwa mji wa Asansol, akawa anaandika barua baada ya barua, nyingine za kumsukuma kweli, na mzee hakusukumika. Alipokubali, bado alimtaka aombe kwanza kwa mkuu wa Loreto, kisha Roma. Tena alimwagiza aombe kuacha utawa kabisa! Roma ikampa kuishi nje ya konventi huku nadhiri zikibaki. Alitoka 17 Agosti 1948, na hakukimbilia mitaa ya mabanda: alikwenda Patna kujifunza uuguzi. Shirika lake jipya, Wamisionari wa Upendo, likakubaliwa 7 Oktoba 1950. Masista wake walifika Tabora 1968.

Kwa mdogo wako, mimi ningeanza na shirika lenyewe liupokee utume huo. Apewe siku ya Jumamosi, na wazee watatu wa kuwahudumia, masista wenzake waone. Hilo likishindikana kabisa ndipo kuna kanuni ya 686 ya Sheria za Kanisa: Mama Mkuu, baraza lake likiridhia, anaweza kumruhusu aishi nje hadi miaka mitano (ilikuwa mitatu, Papa Fransisko aliongeza 2022). Kwa shirika la kijimbo, kuzidisha hapo ndiko kwa askofu. Na kama anawaza kuanzisha shirika jipya, tangu Novemba 2020 askofu haanzishi bila kibali cha Roma cha maandishi.

KakaWaSista: Asante sana mzee wangu. Nimwone Baba Askofu nimwandalie njia? Tunafahamiana kidogo.

KatekistaMstaafu: Usithubutu. Ndugu wakiingia, Mama Mkuu atajua ni shinikizo la ukoo. Barua aandike mwenyewe, ukurasa mmoja, daftari aambatanishe. Aeleze pia nani atafundisha hesabu akiondoka, maana hapo ndipo baraza litakapong'ang'ania.

MamaWawili: Na mama yenu mwambieni mtoto hajatoka utawani, alale.

KakaWaSista: Nampigia sasa hivi.