Naomba ushauri: mgonjwa wa moyo anayeingiwa na hofu usiku

Ndugu zangu, habari za leo. Ninamuuguza mama yangu hapa Ujiji, Kigoma. Moyo wake umeshindwa kusukuma damu ipasavyo, naye anatumia furosemidi ya kupunguza maji mwilini pamoja na kavediloli, dawa ya kutuliza moyo. Uvimbe wa miguu umepungua, lakini usiku hushtuka usingizini akitweta huku moyo ukimwenda mbio, na siku hizi hataki kubaki chumbani peke yake wala kwenda sokoni, jambo ambalo si tabia yake hata kidogo.

Daktari alitueleza kwamba moyo unapodhoofika, ubongo huziamsha neva za tahadhari, homoni za adrenalini na noradrenalini zikaongezeka ili kuuhimiza moyo, na hali hiyo ikidumu humfanya mgonjwa aishi kama mtu aliye hatarini muda wote, huku moyo wenyewe ukizidi kuchoka. Kavediloli hupunguza makali hayo. Majirani wanasema amerogwa, mjadala ambao sina nia ya kuuingia.

Tumemwongezea mito, tumepunguza chumvi na tunampima uzito kila asubuhi. Akikaa wima pumzi hurudi, ila hofu hubaki.

Kwa wenye taaluma au uzoefu: usiku huohuo, nitatofautishaje maji yaliyojaa mapafuni, ambayo ni ya kukimbilia hospitali, na hofu yenyewe? Pia, muuzaji wa duka la dawa amependekeza vidonge vya usingizi, ambavyo bado sijampa. Je, vinaweza kumdhuru mgonjwa wa namna hii?